Upindo

Murman, ni wewe uliyenifunza,
miaka ile umeme wa Kutaisi ulipokuja
kama mgeni asiyevua koti:
"Jaza, binti. Jaza mpaka pomoni.
Diski ni ghali kuliko mvinyo wa baba yangu."

Nikajaza.
Kila ukurasa wa hifadhidata ya hospitali
nikaushindilia kama gunia la mahindi,
asilimia mia, pa kuchomeka sindano hapana.
Ukapiga meza kwa kiganja, ukacheka.
Haba na haba, kibaba hicho!
Hatukuulizana, kibaba kikishajaa
na ikaja konzi moja zaidi,
itatiwa wapi.

Maana mgonjwa si jiwe la msingi.
Kila robo saa mapigo hubadilika,
joto hupanda, dawa huongezwa,
muuguzi Tsiala huandika "amekunywa supu kidogo,"
na mstari uliokuwa mfupi asubuhi
jioni unatafuta pa kunyoosha miguu.
Ukurasa umejaa. Unafukuzwa.
Unavuka kurasa elfu kwenda kupanga chumba ugenini,
nyuma umeacha kibao tu: amehamia kule.
Faharasa zote sita ziamshwe, ziambiwe anwani mpya,
na robo saa ijayo
ahame tena.

Tsiala alinipigia simu saa kumi alfajiri.
"Lamzira, dakika nzima nasubiri
kuandika tarakimu mbili."

Nikamkumbuka mama na mkasi wake.
Sare yangu ya shule aliikata ndefu kupita kiasi,
akakunja upindo wa vidole vinne kwa ndani,
akaushona kwa uzi mlegevu.
Jirani akasema, unapoteza kitambaa.
Mama alikuwa na pini mdomoni,
hakujibu.
Gauni lile nililivaa miaka mitatu.

Basi Jumanne usiku nikaandika amri fupi: themanini.
Ishirini zibaki tupu.
Amri ikakubaliwa papo hapo
na hakuna kilichobadilika.
Nalo ulinifunza: kurasa za zamani hazisikii sheria mpya,
sharti jedwali lipangwe upya tangu mstari wa kwanza.
Nikalifunga dakika arobaini.
Wauguzi wakaandika kwenye karatasi,
wakanilaani kwa adabu.

Sitakudanganya, limenenepa robo nzima.
Ripoti ya mkurugenzi, inayosoma kila ukurasa, inachelewa,
naye amekwisha kuniandikia barua.
Akiba haiozi, lakini hulipiwa kodi.
Wanasema debe tupu haliachi kuvuma.
Njoo usikie utupu huu:
feni ya seva tu,
na mvua juu ya bati la gereji.

Jedwali la waliofariki sikuligusa.
Lile ni asilimia mia, bega kwa bega, kama ulivyotaka.
Hakuna atakayewaongezea neno.
Nilikaa mbele yake kitambo, kidole juu ya kitufe,
nikalifunga.

Nikafungua la walio hai,
nikatafuta kitanda cha kumi na nne.

Saa kumi na moja na robo: mapigo themanini na nane.
Toleo jipya limekaa ubavuni mwa la zamani,
ukurasa uleule,
faharasa zimelala.
Saa kumi na moja na nusu: themanini na nne.
Toleo la zamani litafagiwa, nafasi yake itarudi,
mstari wako haujahama tangu Jumatano,
wewe uliyehamahama vyumba vya kupanga
maisha yako yote.

Sasa Tsiala ameongeza maelezo, marefu kuliko kawaida:
mgonjwa ameamka, amekataa uji,
anauliza diski imebaki kiasi gani.

Andika, Tsiala.
Andika yote anayosema.